Uunsi Mchachu

Balaa ya nyumba ya Abdille ilianza na maziwa. Muuza maziwa alikuwa mmoja, jerikeni moja, ngamia wale wale, na kila asubuhi alimimina nusu kwa mke mkubwa na nusu kwa mke mdogo, maana Abdille alikuwa mtu wa haki kwa vitu vidogo ili apate nafasi ya kuivunja kwa vikubwa. Nusu ya mke mkubwa ilikaa mpaka alasiri bila neno. Nusu ya mke mdogo iliganda kabla maji ya chai hayajachemka.

Weris, yule mke mdogo, alisimama mlangoni kwake na mtoto kifuani. Alikuwa bado ndani ya arobaini yake, na mzazi wa arobaini havuki kizingiti, kwa hiyo alipaza sauti juu ya ua wa miiba uliotenganisha nyumba mbili.

"Abaayo Faduma, dada yangu! Maziwa yako yamekaa?"

"Yamekaa, walaal. Yako je?"

"Yameharibika tena. Lakini hayanuki kama maziwa mabovu. Yananuka kama tunda, sijui tunda gani. Njoo unuse, wewe ndiye mwenye pua."

Faduma akaja, akainamia bakuli, akanusa mara moja tu na kuinuka haraka.

"Ni joto," akasema. "Hapa Garissa si kwenu Diff. Huku joto linapika hata maji ya mtungi. Uunsi wangu unachoma?"

"Kila siku, asubuhi na alasiri. Mungu akulipe, abaayo. Sijawahi kunusa kitu kizuri hivi."

"Amin," Faduma akasema, akageuza uso kutoka kwenye bakuli, kwa sababu harufu ya kwenye bakuli aliijua vizuri kabisa. Ilikuwa ya sumaki, si ile ya kuvuta chuma bali unga wa tunda chachu, na aliyeiingiza katika nyumba ile alikuwa yeye.

Tusimwonee Faduma. Au tumwonee, anastahili, lakini kwanza tumjue. Alikuwa mpishi wa uunsi, na katika Garissa yote hakuna bibi harusi wa maana aliyeingia ndani bila moshi wake. Uunsi ni ule ubani wa Kisomali unaopikwa kwa sukari. Unayeyusha sukari mpaka ibadilike rangi, unatia unga wa udi, sandali, lubani na miski, unamwagia mafuta mazuri, unakoroga bila mkono kusimama, kisha unamimina kwenye sinia upoe, ugande, uvunjwe vipande. Kipande kimoja juu ya kaa la moto, na nguo na nywele zinanukia mpaka kesho.

Pua Mungu alimpa. Watoto alimpa na kumnyang'anya. Faduma alizaa wana wa kiume, wakafa wachanga mmoja baada ya mwingine, akabaki na Hamdi tu, msichana mrefu mwenye nywele nzito, aliyekwisha poswa na kijana wa mfanyabiashara wa ngozi, jina lake Keynan. Hamdi ndiye aliyekuwa roho yake. Mtu angemwambia Faduma achague kati ya macho yake na Hamdi, angeomba kisu.

Kisha Abdille alikwenda Diff kununua ng'ombe, akarudi na ng'ombe na Weris. Faduma alipewa dhahabu, kama desturi inavyotaka mke mkubwa apozwe wivu. Aliivaa, ikampendeza, na wivu ukabaki pale pale ulipokuwa. Weris naye hakuchelewa. Mimba ya kwanza, mtoto wa kiume, mzima, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Wakamwita Abdimalik.

Siku hiyo Abdille aliingia kwa Faduma akicheka peke yake.

"Faduma, mpikie Weris uunsi wa arobaini. Usiwe wa kununua, uwe wa mkono wako. Huyu ni mwanangu wa kiume wa kwanza!"

Mwanangu wa kwanza. Na wale waliolala makaburini ng'ambo ya mji, aliowabeba yeye mwenyewe kwenye mikono yake mpaka shimoni, walikuwa wa nani? Abdille hakusema kwa ubaya. Alikuwa amesahau, na kusahau kwake kulimchoma Faduma kuliko tusi lolote.

"Nitampikia," akajibu. "Nitampikia uunsi ambao hajapikiwa mtu."

Unga alikuwa nao. Aliuleta Osob, mwanamke aliyekuwa na duka la manukato Mogadishu kabla ya vita, ambaye sasa aliishi kambini Ifo na kuja Garissa kwa lori na vichupa vyake. Safari moja alifungua kifuko cha unga mwekundu uliokoza, wenye mafuta mafuta.

"Hii Waarabu wanaita sumaki," Osob alimwambia. "Ni matunda ya mti, wanakausha, wanasaga, wanatia kwa nyama. Sisi tulikuwa tunatia kwa uunsi. Kidogo tu, mwisho kabisa, chungu kikishatoka kwa moto. Inakata ule utamu. Nusa."

Faduma alinusa. Harufu kavu, chachu, yenye chumvi kwa mbali, kama ganda la ndimu lililoangukia udongo mwekundu. Mate yakamjaa mdomoni.

"Lakini sikia, abaayo." Osob akashusha sauti ingawa kibanda kilikuwa kitupu. "Hii kitu sio ya nyumba ya mzazi. Iko mmoja, mwanamke katika wale." Alionyesha upande kwa kidevu, maana hakutaka kuwataja majini kwa jina lao. "Alibeba mimba, hakujifungua. Ile hamu ya uchachu ya mwenye mimba haijamwacha mpaka leo. Uchachu anaufuata popote. Akiukuta penye mtoto mchanga, hatoki."

"Anamfanya nini mtoto?"

"Analea," Osob akasema. "Mtoto anakuwa wake."

Faduma alicheka, akauchukua unga, akasema utamfaa kwa maharusi. Ulikaa kwenye kopo hadi siku ile ya mwanangu wa kwanza. Na hakutaka mtoto afe, tusimzidishie. Alitaka Weris aweweseke kidogo, aseme peke yake, akonde, mpaka Abdille achoke na kumrudisha kwa wazazi wake Diff. Kwa nini jini lililotajwa kuwa linapenda watoto liishie kwa mama tu, hilo hakujiuliza. Mtu mwenye wivu hajiulizi maswali anayojua majibu yake.

Akapika. Na hapa ndipo ufundi ulipomponza, kwa sababu fundi wa kweli hawezi kupika kitu kibaya hata akiwa anapika sumu. Aliuloweka ule unga kwenye mafuta ya sandali, akauchuja kwa kitambaa cha hariri, akaacha chungu kitulie ndipo akaumimina uzi kwa uzi, na chungu kikavuta pumzi. Aliposhika kipande cha kwanza kilichoganda alisahau kabisa kilikuwa cha nani. Alitaka tu kujua kinanukiaje.

Kila uunsi aliowahi kupika, tangu Hamdi aanze kusuka nywele, aliujaribu kwa nywele za Hamdi. Ngozi ya mtu mzima inadanganya, ndivyo alivyowafundisha wapishi wengine, lakini nywele za msichana zinasema kweli. Basi akaita, "Hamdi, kaa," kama alivyoita mara zote, na Hamdi akakaa kama alivyokaa mara zote, na mkono wa Faduma ukakitia kipande kwenye chetezo, ukazitandaza nywele juu ya moshi. Akafumba macho. Ilikuja kwanza sukari, nzito, ya kushibisha. Kisha, pale ambapo utamu huanza kuchosha, uchachu ukapanda katikati na kuukata, na nyuma yake udi ukaingia taratibu kama mgeni mheshimiwa. Hakuwahi kupika kitu kizuri hivyo maishani mwake, na alitabasamu.

Akafumbua macho, akaona nywele alizozishika ni za nani.

Alimburuta Hamdi bafuni. Alimwosha kwa sabuni ya kufulia, akasuuza, akaosha tena, mpaka msichana akalia.

"Hooyo, una nini? Mbona inanukia vizuri?"

"Haijaiva. Nyamaza, inama."

Alizinusa nywele unywele kwa unywele mpaka akaridhika kwamba hazina kitu ila sabuni. Akamshukuru Mungu kwa moyo wote. Nawe ungedhani mtu aliyeogopa kiasi hicho angekwenda kuutupa ule uunsi mtoni. Faduma aliufunga kwenye kopo zuri, akafuta kopo kwa upindo wa shuka, akampelekea Weris.

Baada ya maziwa, ikafuata sauti ya mtoto. Abdimalik aliacha kulia. Wanawake waliokuja kumtazama walimsifu Weris kwa kupata mtoto mtulivu, naye alifurahi, hajui. Faduma aliwajua watoto watulivu. Amewaosha.

Kisha Weris akaanza kutaka uchachu. Alimtuma mtu sokoni amletee ukwaju, akaula mkavu. Alinyonya ndimu kwa chumvi mpaka midomo ikapasuka, akaendelea kunyonya.

"Umeshajifungua, hamu imerudi ya nini?" wanawake walimtania. "Abdille hajasubiri hata arobaini?"

Weris alicheka nao, mkono ukitafuta ndimu nyingine. Mtoto akipelekwa kwenye ziwa aligeuza uso. Kitambaa cha kifua cha Weris kilinuka kama lile bakuli la kwanza.

Garissa hulala baada ya adhuhuri. Jua likisimama juu ya mabati, maduka hufungwa, mbuzi hujipanga kwenye uzi wa kivuli ukutani, na hata mwenye kudai hamfuati mdaiwa wake saa hiyo. Katika ukimya huo ndipo Faduma alipoanza kusikia kinu. Kilitwangwa nyumbani kwa Weris, polepole, kama mtu anayesaga kitu kidogo asitake kimwagike. Kikinyamaza, ulisikika ulimi, mtu akifyonza kokwa ya tunda. Kisha ukaja wimbo wa kumbembeleza mtoto, ule ule wanaouimba wanawake wote, ila mwimbaji hakuvuta pumzi popote, aliuunga mwisho na mwanzo.

"Hooyo," Hamdi alinong'ona siku moja kutoka kwenye mkeka wake, "nani anaimba kwa eeddo Weris?"

"Eeddo wako."

"Eeddo amelala. Nimemchungulia."

Faduma akamwambia alale. Yeye mwenyewe akainuka, akavuka ua, akasukuma pazia, na huko ndani akamwona Weris kweli amelala chali, mdomo wazi, ganda la ndimu mkononi, na mtoto hayuko kitandani, yuko chini kwenye mkeka kando ya chetezo ambacho hakikuwa na kaa hata moja, jivu lake jeupe, limepoa tangu asubuhi, na hata hivyo moshi ulitoka, mwembamba, mwekundu kidogo kwa ule mwanga wa mlangoni, na haukupanda juu kama moshi wa watu bali ulikwenda pembeni, ukaviringika na kuinama juu ya mtoto kwa namna anavyoinama mama, ukiwa na mahali pa bega na mahali pa shingo, na Abdimalik alikuwa macho, ameuinulia mkono, na vile vidole vidogo vilikuwa vimelowa vinameremeta, kimoja baada ya kingine vikiingia ndani ya moshi na kutoka vimelowa zaidi, huku ule ulimi ukisikika karibu sana, karibu kama uko sikioni mwa Faduma mwenyewe, na wimbo ukiendelea bila pumzi.

Alirudi nyuma bila kugeuka. Lile kopo lilikuwa kwenye rafu, usawa wa mkono wake, na bado lilikuwa nusu. Machozi yalimtoka, maana alikuwa amekiona kwa macho yake kitu ambacho Osob alikitaja kwa kidevu. Mkono ulikwenda kwenye kopo, ukaligusa. Kisha akakumbuka Abdille akicheka peke yake mlangoni. Akaliacha.

Ilipofika siku Weris alipomweka mtoto chini na kusema, mbele ya watu, "Huyu si wangu, mwenyewe yuko ndani," Abdille alishtuka. Alikwenda kwa Faduma bila kuvua viatu.

"Ule uunsi ulitia nini?"

"Mimi?" Faduma alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa. "Sikupika mimi. Nilikuwa na kichwa kinauma siku zile. Nilinunua kwa yule mkimbizi wa Ifo, Osob. Nikaona aibu kukwambia."

"Wallahi?"

"Wallahi."

Abdille akavuta pumzi. "Kitu kimeingia nyumbani kwangu. Nakwambia mbele ya Mungu, aliyekileta kwa kujua, kama ni ndugu si ndugu yangu tena, na kama ni mke ameachika, na watoto wangu hatawaona." Kisha akaenda kumwita Maalim Kulow.

Maalim Kulow alikuwa kijana bado, mkali, mwenye chuo cha Qur'ani upande wa sokoni na sifa ya kuyatoa majini bila kubembelezana nayo. Alikuja baada ya sala ya adhuhuri. Chumba kilikuwa kimejaa. Muslimo alikuwepo pia, mama yake Keynan, aliyekuja kumjulia hali mzazi na sasa alikaa kwenye kona, shuka mdomoni, macho yote mawili yanafanya kazi. Hamdi alibaki nyumbani. Faduma alimwambia asikanyage huko.

Maalim alisoma. Weris alikuwa amelala kimya, kisha miguu ikaanza kukwaruza mkeka, kisha mdomo wake ukafunguka na sauti iliyotoka ilikuwa ya mwanamke, tamu, kavu.

"Nimealikwa," ikasema. "Nimepikiwa."

"Nani kakupikia?"

Kicheko. "Mwenyeji wangu simtaji, ni utovu wa adabu. Lakini amenipikia vizuri. Hata kwa masultani sijapikiwa hivi."

Na Faduma, Mungu amsamehe kama anaona sababu, katikati ya hofu yake aliisikia ile sifa, na kipande cha moyo wake kikaipokea.

Maalim akaufunga msahafu kwa kidole na kuwageukia watu. "Sikieni. Huyu atatoka leo. Lakini wa aina hii wakitolewa hufuata harufu ile ile iliyowaleta. Moshi wa uunsi huu umempata nani mwingine? Anitajie sasa. Atakayetajwa nitamkinga kwanza kwa maneno ya Mungu, hatamgusa. Asiyetajwa, mimi simjui."

"Mimi nimekuwa nikilala kwa Faduma," Abdille akasema. "Haukunipata."

Macho yakahamia kwa Faduma. Alifungua mdomo. Jina lilikuwa pale, juu ya ulimi, na lilikuwa jina analolipenda kuliko lake. Lakini kumtaja Hamdi ni kusema uunsi ulijaribiwa, na kusema ulijaribiwa ni kusema aliupika, na Abdille amekwisha apa. Na Muslimo yuko pale kwenye kona. Msichana aliyesomewa jini, nani atamwoa? Na nywele si ameziosha? Si amezinusa mwenyewe, yeye mwenye pua?

"Kwangu hakuna," akasema.

"Hata Hamdi?" Abdille akauliza. "Si huwa unajaribu kwake?"

"Nimesema niliununua. Hamdi hajaunusa."

Kichwa cha Weris kiligeuka polepole kwenye mto mpaka kikamwelekea Faduma. Kikatabasamu.

"Umesikia, maalim," ile sauti ikasema kwa upole. "Hamdi hana mlinzi."

Lakini maneno hayo aliyasikia Faduma peke yake, kwa sababu Maalim alikuwa ameanza kusoma tena kwa sauti kubwa, na wanawake wanaitikia, na Weris anapiga kelele. Alimwagiwa maji yaliyosomewa, mgongo ukainuka kama upinde, na kitu kikapita mlangoni kwa nguvu iliyolirusha pazia nje. Mabati ya paa yakagonga, ya kwanza, ya pili, kisha yale ya ukumbini, yakielekea upande wa ua, kisha upande wa pili wa ua. Kisha Abdimalik akalia.

Alilia kwa ile sauti yake ya kuamsha mtaa. Weris akakaa, akamnyakua, akampa ziwa, na mtoto akalishika kama deni. Wanawake walipiga vigelegele. Abdille alilia waziwazi. Hakuna aliyemwona Faduma akitoka mbio.

Alimkuta Hamdi amekaa kwenye mkeka wake, miguu imekunjwa vizuri, anachana nywele. Faduma alimwangukia, akamkumbatia, akatia uso kwenye zile nywele na kunusa kwa nguvu zake zote. Sabuni. Mafuta ya nazi. Basi. Alilia kwa raha.

"Umemaliza, hooyo?" Hamdi akauliza.

"Nimemaliza, mama. Kumekwisha. Eeddo wako amepona."

"Aabo alikuuliza kuhusu mimi."

Faduma akainua uso kutoka kwenye nywele. Alimwachia polepole.

"Wewe ulikuwa hapa," akanong'ona. "Nani amekwambia?"

Hamdi aliendelea kuchana. "Nilikuwa nje ya nywele hizi tangu siku ile ya sabuni. Nimegonga, nimegonga. Msichana ana mama, nikasema siwezi kuingia kwa mtoto wa watu. Leo mama mwenyewe amemkana mbele ya mashahidi." Akainua uso. Yalikuwa macho ya Hamdi, na ndani yake hakukuwa na Hamdi. "Usilie. Nitakuita hooyo, nimezoea sauti yake. Huyu hata ni bora. Ataolewa, atazaa, mwaka kwa mwaka. Nitalea mpaka nichoke."

"Mrudishe," Faduma akasema. "Nichukue mimi. Nipo hapa, nichukue mimi."

"Wewe umezeeka. Nikupeleke wapi?"

Faduma alirudi kule akikimbia, shuka limeanguka, kichwa wazi mbele ya wanaume. Aliingia akipiga mayowe kwamba ni yeye, yeye aliyepika, yeye aliyetia sumaki kwa mkono wake, alidanganya, aliapa uongo, Hamdi alifukizwa, limemwingia Hamdi, maalim amkimbilie Hamdi sasa hivi. Alimshika Maalim kanzu mpaka ikachanika. Alisema yote, ukweli wote, bila kubakiza, na povu lilikuwa limemkaa kwenye pembe za mdomo.

Nyuma yake Hamdi aliingia taratibu, shuka limefunika nywele vizuri, macho yamejaa machozi.

"Aabo," akasema kwa sauti ndogo, "nisaidieni. Hooyo ameniangukia, amenikaba, anasema mimi si mtoto wake."

Watu wakatazamana. Maalim akasogea. Akamwambia Hamdi ainamishe kichwa, akanusa juu ya shuka, akasoma kidogo. Hamdi alikaa ametulia, anaitikia amin panapostahili.

"Sabuni tu," Maalim akasema. Kisha akamgeukia Faduma. "Wewe, nipe mikono."

Mikono ya mpishi wa uunsi haitakati. Inavyokoroga, kuchuja na kuvunja, harufu inaingia kwenye mistari ya kiganja na chini ya kucha, na hukaa humo kwa miezi. Maalim aliileta ile mikono puani, na harufu kavu, chachu, ikampanda mpaka macho yakamwuma. Aliiachia.

"Limehamia kwa mkubwa," akasema.

"Hapana! Maalim, nimepika mimi, ndiyo maana..."

"Nyamaza! Abdille, usimsikilize, si yeye anayesema. Wakishaingia huanza hivyo, wanajisingizia, wanasingizia watoto, wanagombanisha nyumba. Leteni kamba."

Abdille hakumwacha. Hilo ndilo lililomvunja Faduma kuliko kamba. Alimshika mabega kwa huruma, kwa mapenzi ambayo hakumwonyesha tangu safari ile ya Diff, akamwambia, "Vumilia, Faduma, najua si wewe," na wakamfunga mikono na miguu na kumlaza pale pale alipokuwa Weris. Kila alipotaja jina la Hamdi walimmwagia maji. Muslimo alimvuta Hamdi pembeni, akamfuta machozi kwa upindo wake mwenyewe, akamwambia asihofu, ugonjwa wa mama si aibu ya mtoto, na harusi haitacheleweshwa.

Abdimalik alikuwa analia bado. Kelele zilimtisha, na mama yake alitaka kumsaidia Maalim kushika miguu ya abaayo wake aliyempikia uunsi mzuri kuliko wote. Weris alitazama huku na huku chumbani.

"Hamdi, walaal," akasema, "nishikie mtoto kidogo."

Faduma alipiga kelele ambayo watu wa sokoni waliisikia, na Maalim akasoma kwa nguvu zaidi. Hamdi alinyoosha mikono, akampokea ndugu yake, akaenda kukaa naye mlangoni penye kivuli, akamwinamia, na Abdimalik akanyamaza.